Peleti za Bastola ya Upepo: Maswali Tunayoulizwa Kila Jumamosi Dodoma

Mbukwenyi! Jumamosi asubuhi tukikutana kupiga shabaha, kabla hata mitungi haijajazwa hewa, lazima mtu atauliza kuhusu peleti. Nimeyakusanya maswali hayo nikayajibu kwa maandishi, maana tukianza kuyajibu kwa mdomo jua linapanda na hakuna aliyepiga. Ninachozungumzia ni mchezo wa mita 10: bastola ya upepo ya milimita 4.5, mkono mmoja, kadi ya karatasi. Habari za kuwinda ndege hazimo humu.

Kwa nini mnasema peleti, si risasi tu?

Kwa sababu neno risasi limebeba vitu viwili: madini yenyewe, yale mazito na laini, na kile kinachotoka kwenye mtutu. Peleti nyingi ni risasi iliyotengenezwa kwa risasi, na sentensi kama hiyo inamchosha msomaji. Kwa hiyo peleti ni ile ndogo tunayopiga, na risasi ni madini.

Iangalie kwa karibu. Chukua kinu cha kutwangia, kipunguze mpaka kitoshe kwenye ukucha, kisha kigeuze mdomo uangalie nyuma. Kule mbele ni kichwa, katikati kiuno chembamba, na nyuma ni sketi, iliyo wazi ndani kama tumbo la kinu. Hewa ikisukuma, sketi hutanuka na kuziba mtutu ili upepo usivuje pembeni, na risasi laini hushika ile mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu. Mifereji ndiyo inayoizungusha peleti, na mzunguko ndio unaoifanya iende bila kuyumba. Karibu kila swali linalofuata linarudi hapa: kichwa kikae sawa mtutuni, na sketi iwe duara kamili.

Kichwa cha namna gani?

Bapa. Kichwa bapa hutoboa karatasi kama panchi ya ofisini: tundu safi, ukingo unaoonekana, na mtu wa kuhesabu alama habishani na mwenzake. Kilichochongoka au cha mviringo huchana karatasi, na karatasi ikirudi nyuma tundu huonekana dogo kuliko lilivyo. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha (ISSF) hazilazimishi umbo. Zinataka milimita 4.5 na madini laini. Lakini kwa mita 10 sijaona sababu ya kuhangaika na umbo jingine.

Kopo limeandikwa 7.0, jingine 8.2. Ni nini hizo, na nichukue ipi?

Ni uzito kwa kipimo cha greni. Greni 7.0 ni karibu gramu 0.45, greni 7.56 ni gramu 0.49, na greni 8.2 ni gramu 0.53. Viwanda vingi huziita zile nyepesi za bastola na zile nzito za bunduki. Usiifanye lebo hiyo kuwa amri. Wapo wapigaji wengi wa bastola wanaotumia gramu 0.53, kwa sababu tu mtutu wao umezipenda.

Nyepesi hutoka kwa kasi zaidi na hukaa mtutuni muda mfupi, jambo linalomsaidia kidogo mtu ambaye mkono wake hauishi kusogea baada ya kuvuta kifyatulio. Mtu wa bastola ya pampu yenye nguvu ndogo aanze na nyepesi. Mwenye bastola ya mtungi ajaribu zote.

Kumbuka jambo moja. Bastola ya mashindano hutoa peleti kwa kasi ya karibu mita 150 kwa sekunde. Katika mita 10 peleti huwa angani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo huanguka kama sentimita 2. Ukihama kutoka nyepesi kwenda nzito, anguko huongezeka kwa milimita kadhaa. Kundi la matundu likishuka kwenye kadi, hiyo si dalili kwamba peleti ni mbaya. Rekebisha vilengeo, kisha ndipo uhukumu.

Na 4.48, 4.49, 4.50, 4.51?

Hicho ni kipenyo cha kichwa kwa milimita. Mitutu haifanani, hata ya kiwanda kimoja, ndiyo maana viwanda hutoa vipimo tofauti. Huwezi kujua kwa kukisia, ila kidole kinakupa fununu: peleti ikidondoka mtutuni bila kugusa chochote, kichwa ni kidogo mno, ikigoma mpaka uisukume kwa ukucha na sketi kupinda, ni kikubwa mno. Baada ya hapo mwachie karatasi aamue. Kwa anayeanza bila taarifa yoyote, 4.49 au 4.50 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nitajieni majina. Dukani wananiuliza ninataka ya kampuni gani.

Haya. Kutoka Ujerumani: RWS, ambao wana R10 Match kwa mashindano, Meisterkugeln chini yake, na Hobby kwa mazoezi; na H&N, ambao Finale Match yao ndiyo ya mashindano. Kutoka Jamhuri ya Cheki: JSB. Kutoka China: Qiang Yuan. Kutoka Hispania: Gamo, ambao Match yao ni ya bei nafuu na inamtosha kabisa mtu wa miezi sita ya kwanza.

Hapa nchini hatuna anasa ya kuchagua kutoka kwenye rafu ndefu, na mara nyingi unachagua kati ya makopo mawili. Kwa hiyo nawashauri watu wasianze na swali la "ipi bora duniani", waanze na hili: ni ipi nitaweza kuipata tena baada ya miezi minne? Peleti nzuri usiyoweza kuipata mara ya pili inakuharibia mazoezi, kwa kuwa utarekebisha vilengeo mara mbili kwa mwaka bila faida.

Nizijaribuje nyumbani ili nijue bastola yangu inapenda ipi?

Hili ndilo swali lenyewe, nalo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, usijaribu peleti kwa mkono mmoja ukiwa umesimama. Hapo unajijaribu wewe. Mkono wako unatawanya zaidi kuliko tofauti iliyopo kati ya peleti za kopo moja na jingine, na utaishia kusifia kopo ulilolipiga siku uliyolala vizuri. Bastola inatakiwa itulie. Njia bora ni kuibana kwenye jiliwa lililofungwa kwenye meza nzito, kwa mbao na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli katikati ili chuma kisichubuke. Bana fremu, kamwe usibane mtutu wala mtungi. Sisi tuliomba meza ya fundi wa mageti siku ya Jumapili alipokuwa hana kazi, tukajipanga kwa zamu.

Asiye na jiliwa ajaze soksi mbili kwa mtama, afunge midomo, aziweke juu ya meza, kisha akae kwenye kiti na kuegemeza mikono yote miwili hapo. Mtama hukaa vizuri kuliko mchanga: hujipanga, haumwagiki vumbi, na hapa kwetu haukosekani. Bastola yenyewe isiguse soksi kwa mtutu. Mikono ndiyo iegemee.

Pili, kila unapobadilisha kopo, piga peleti 10 za kuuzoesha mtutu kabla ya kuhesabu. Mtutu hubaki na utando mwembamba wa risasi na mafuta ya peleti iliyotangulia, na peleti mpya huchukua muda kuweka wake.

Tatu, piga makundi ya peleti 10, si 5, na kwa kila kopo piga makundi matano. Changanya zamu: kopo la kwanza, la pili, la tatu, kisha urudi la kwanza. Ukimaliza kopo moja lote ndipo uende jingine, uchovu wako na joto la mchana vyote vitahesabiwa dhidi ya kopo la mwisho. Nimemwona kijana makini kabisa akitupa peleti nzuri kwa sababu alizijaribu saa saba mchana baada ya kupiga 150 nyingine.

Nne, pima. Matundu 10 kwa mtutu mzuri hugeuka tundu moja lenye kingo za mawimbi. Pima upana wake mkubwa kabisa, nje kwa nje, kwa kalipa au hata rula ya shule, kisha toa milimita 4.5. Kinachobaki ni umbali kati ya vitovu vya peleti mbili zilizoachana zaidi. Bastola ya mashindano iliyobanwa vizuri, ikiwa na peleti inayoikubali, hutoboa tundu la milimita 6 hadi 8 nje kwa nje. Kwa soksi za mtama tarajia kubwa zaidi. Hapo unalinganisha makopo tu, hutafuti rekodi. Andika nyuma ya kadi jina, uzito, kipenyo cha kichwa, namba ya bechi (yaani fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani) na tarehe. Kadi isiyoandikwa nyuma ni takataka baada ya wiki moja.

Tofauti kati ya makundi ikiwa nusu milimita, hesabu kwamba ni sare na uchukue la bei ndogo. Kopo likiachana na wenzake kwa milimita 3 au 4 katika makundi yote matano, hapo karatasi imekwambia kitu.

Nimenunua ghali, nimejaribu kama mlivyosema, lakini alama hazipandi. Kwa nini?

Kwa sababu kadi ya bastola ina huruma kuliko tunavyodhani. Tuikokotoe pamoja.

Duara la kumi kwenye kadi ya bastola ya mita 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, na peleti ikigusa tu mstari unapewa alama ya juu. Nusu ya 11.5 ni 5.75, ongeza nusu ya peleti ambayo ni 2.25, unapata milimita 8 kamili. Yaani kitovu cha peleti kinaweza kukaa milimita 8 kutoka katikati na bado ikawa kumi. Uwanja wako wa kumi una upana wa milimita 16. Kwenye kadi ya bunduki ya upepo, kumi ni kidoa cha nusu milimita, na uwanja wake kwa hesabu ileile ni milimita 5 tu. Ndiyo maana wapigaji wa bunduki huchambua peleti moja moja, na ndiyo maana ushauri wao usiuchukue mzima mzima ukauleta kwenye bastola.

Sasa weka mkono wako kwenye hesabu. Mtawanyiko wa mkono na wa peleti haujumlishwi moja kwa moja. Unajumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras, ile tuliyosoma sekondari. Tuseme mkono wako unatawanya milimita 40, na hiyo si mbaya kwa mtu wa mwaka mmoja. Ukitumia peleti inayotawanya milimita 6, jumla ni kama 40.4. Ukitumia mbovu ya milimita 15, jumla ni 42.7. Umelipa mara mbili au tatu ili upate milimita 2 ambazo huwezi kuziona. Lakini chukua mpigaji ambaye mkono wake ni milimita 20. Kwa peleti nzuri anapata karibu 21, kwa mbovu anapata 25. Huyo anaibiwa kweli.

Kwa hiyo peleti bora ina thamani kwa kadiri mkono wako ulivyo bora. Natamani kila anayeanza aelewe hivi kabla hajatoa pesa: nunua ya kawaida yenye kichwa bapa kutoka kiwanda kinachoaminika, ijaribu, kisha uisahau. Siku utakapopata 540 kati ya 600 mara kwa mara, urudi tuzungumze kuhusu bechi. Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipiga 594 mwaka 2009. Mtu wa aina hiyo ana haki ya kuumia kichwa kwa milimita moja.

Vijana wengi walioingia kwenye mchezo huu karibuni walivutwa na Yusuf Dikeç wa Uturuki, yule wa mkono mfukoni aliyepata medali ya fedha na mwenzake Şevval İlayda Tarhan kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Wanasema hakuwa na vifaa. Bastola yake ilikuwa ya mashindano kama za wenzake. Alichokosa ni ile miwani maalumu ya kulengea yenye vioo vingi. Kilichoshikilia mkono ule bila kutetemeka ni miaka mingi ya mazoezi.

Je, kuna mazoezi yasiyotumia peleti?

Ndiyo, na ni mazuri sana. Ni kuvuta kifyatulio bila kupiga, ukilenga ukuta mweupe usio na alama, ukiangalia kilengeo cha mbele tu. Bastola nyingi za mtungi zina sehemu ya kuweka hali hiyo. Za springi usithubutu: pistoni ikienda bila peleti mbele yake haina kinachoipunguza kasi, inagonga na kuharibika.

Nizipime uzito moja moja? Nina rafiki sonara.

Nilifanya hivyo. Nilikaa mchana mzima kwenye mizani ya dhahabu, nikapanga peleti 500 kwenye vifuniko vya soda. Mizani ya namna ile husoma sehemu ya mia ya gramu, nayo ni pana mno: 0.53 na 0.54 zimeachana kwa karibu asilimia 2, na katikati yake hujui kitu.

Hata ungekuwa na mizani ya miligramu, tazama faida. Uzito ukitofautiana kwa asilimia 1, anguko la peleti katika mita 10 hutofautiana kwa asilimia 1 hivi, na anguko lenyewe ni sentimita 2. Hiyo ni milimita 0.2, unene wa kadi. Kwa bastola, acha.

Macho ndiyo yanayolipa. Kabla ya kuweka peleti, itazame sketi. Ikiwa imebonyea hata kidogo, weka pembeni, utaitumia kupasha mkono. Ukitaka kuwa mkali zaidi, chukua kipande cha kioo, kiinamishe kidogo, na uziviringishe moja baada ya nyingine. Kwa kuwa kipenyo cha kichwa na cha sketi si sawa, peleti haiendi moja kwa moja. Inapinda kwa tao. Zile nzima hupita karibu njia moja. Yenye kasoro huyumba, au huchukua njia yake. Ni kazi ya dakika kumi kwa peleti za mchezo mmoja, na unaiona tofauti kwa macho yako.

Nizitunzeje? Vumbi la hapa mnalijua.

Vumbi la Dodoma ndilo adui nambari moja, hasa upepo wa Julai hadi Septemba unapovuma. Peleti nyingi zina mafuta kidogo au unga wa grafaiti juu yake, na vumbi hunata hapo. Ukiiweka hivyo, chembe za mchanga zinasafiri ndani ya mtutu. Kopo lifunguliwe unapochukua tu, kisha lifungwe. Kwa mchezo mzima, mimina 80 kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko na uliache lile kubwa begini.

La pili ni mtikisiko. Mwaka fulani niliagiza makopo mawili yakaletwa kutoka Dar es Salaam na basi, na kutoka stendi nikayabeba kwenye begi la mgongoni juu ya bodaboda kupitia barabara ya vumbi yenye matuta. Nilipofungua, karibu peleti moja kati ya sita ilikuwa na sketi iliyobonyea. Kosa lilikuwa langu, sikujaza kopo. Tangu hapo nakata duara la sponji, nalibana juu ya peleti chini ya kifuniko, zisipate nafasi ya kucheza. Zile za mashindano zinazokuja zimepangwa kila moja kwenye kishimo chake zina sababu ya kupangwa hivyo.

Unga mweupe juu ya peleti ni kutu ya risasi. Hapa penye ukavu ni nadra kuliko Pwani au Tanga, lakini ukiuona usizipige wala usizisugue. Kuosha peleti mpya kwa sabuni? Kwa kasi ya bastola si lazima.

Mwinuko wa Dodoma na hali ya hewa vinabadilisha peleti?

Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko Dar. Kwa mita 10 peleti yenyewe haijali. Tofauti ni chini ya milimita moja.

Bastola ya kupampu mara moja, kama IZH-46M ya Urusi au HW 75 ya Ujerumani, ndiyo inayojali. Pampu yake huchota hewa ya mahali ilipo, na hewa ikiwa nyepesi kila pampu hukamata hewa pungufu, hivyo kasi hupungua. Watumishi waliohamia huku na bastola za namna hiyo huja wakisema peleti zao zimeharibika kwa sababu zinapiga chini kwa milimita mbili tatu. Peleti ni nzima. Geuza skrubu ya kilengeo cha nyuma, au jaribu zile nyepesi. Mwenye mtungi hausiki, kwa kuwa shinikizo lake limeshapimwa ndani. Mwenye gesi ya kaboni atasumbuliwa na asubuhi za baridi za Juni na Julai: gesi ikipoa shinikizo hushuka, na peleti za kwanza hupiga chini mpaka silaha ipate joto.

Upepo: piga ndani. Basi.

Vile vigololi vya chuma ni bei rahisi. Nitumie?

Hapana. Chuma hakiingii kwenye mifereji, kwa hiyo hakizunguki inavyotakiwa, na kinakwaruza mtutu uliochongwa kwa ajili ya risasi laini. Zaidi ya hapo kinaruka. Kigololi kikigonga sahani ya chuma kinaweza kurudi moja kwa moja usoni. Miwani ya kinga ivaliwe hata na peleti laini, na wanaotazama wavae pia.

Peleti zisizo na risasi, za bati na mchanganyiko mwingine, ni jambo tofauti. Ni nyepesi, ngumu zaidi, na mitutu mingi haizipendi kama zile za risasi, ila zijaribu kwa njia ileile ya makundi. Ukumbi ukiwa na watoto wadogo, mimi ningezichagua hata zikinipotezea milimita 2.

Risasi ni sumu. Mnajilindaje?

Swali hili huulizwa na akina mama zaidi, na ninawashukuru. Risasi huingia mwilini kwa mdomo na kwa vumbi, na watoto huumia zaidi kwa sababu ubongo wao bado unakua. Kwa hiyo: usiweke peleti mdomoni hata kwa sekunde moja, usile wala kunywa chai ukiwa kwenye mstari, na ukimaliza nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumshika mtoto au kukata ugali. Sakafu ya mbele ya shabaha isifagiliwe kavu. Ipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa. Boksi la kunasa peleti lenye sahani ya chuma iliyoinamishwa huzielekeza chini zikusanyike mahali pamoja. Tunazimwaga kwenye ndoo yenye kifuniko. Asipewe mtoto, na zisiyeyushwe jikoni kutengeneza vizito vya ndoano, kama nilivyoona mtu wa Bwawa la Mtera akitaka kufanya. Moshi na vumbi lake vinabaki kwenye nyumba ya watu.

Je, bastola ya upepo inahitaji kibali?

Usimsikilize anayekwambia mtaani kwamba "ni upepo tu, haina neno". Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na kabla ya kununua, kuagiza, kuingiza nchini au kubeba bastola ya upepo pamoja na peleti zake, nenda polisi ukaulize na upate jibu kwa maandishi. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Bastola ya mashindano ikitazamwa kwa mbali haina tofauti na nyingine. Isafirishwe ndani ya boksi lake, tupu, na isitolewe popote isipokuwa kwenye mstari wa kupigia.

Kadi za shabaha tunazipata wapi?

Steshenari yoyote yenye printa, ila kwenye karatasi ya manila. Karatasi ya fotokopi huchanika na kukudanganya kuhusu ukubwa wa kundi. Kadi rasmi ni sentimita 17 kwa 17, inaingia kwenye A4. Mwambie kijana achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu kompyuta "kurekebisha ukubwa", na kabla hujalipa weka rula kwenye ile sehemu nyeusi: inapaswa kuwa milimita 59.5. Tuliwahi kupiga mwezi mzima kwenye kadi zenye weusi wa milimita 56, tukalaumu peleti.

Kitovu cha kadi kiwe mita 1.4 kutoka sakafuni.

Nimepata inayofaa. Ninunue kiasi gani?

Mchezo kamili ni peleti 60, na pamoja na za kupasha mkono hesabu 80. Kopo la 500 linatosha michezo sita na kidogo. Mtu wa mazoezi matatu kwa wiki, peleti 60 kila zoezi, anamaliza kopo kwa wiki tatu pungufu, na kwa mwaka wa wiki 50 anahitaji 9,000, yaani makopo 18.

Hayo huyanunui kwa mara moja, najua. Angalia namba ya bechi iliyobandikwa au kugongwa kwenye kopo. Mashine za kiwandani huchakaa na kubadilishwa, na bechi mbili za jina moja zinaweza kuachana kuliko majina mawili tofauti. Bechi ikikubalika, nunua makopo ya miezi mitatu yenye namba hiyohiyo, hata ikibidi kuchangishana wawili watatu. Weka moja pembeni bila kulifungua, uliandike "mashindano". Bechi mpya ikifika, piga makundi matano kwa hiyo na matano kwa lile la zamani siku moja, kwenye meza moja, kabla hujaligusa la pembeni.